Studio ikishanunuliwa na kuanza kupunguza watu, gemu ya mtandaoni ina muda gani?

KapteniWaZamu

Wakuu habari. Naomba mwongozo wa wanaoielewa biashara ya gemu za mtandaoni kwa ndani.

Tangu 2022 mfuatano umekuwa uleule. Kampuni kubwa inanunua studio, miezi michache baadaye watu wanapunguzwa, kisha mradi unafutwa au seva zinazimwa. Tumeona kwa Microsoft na Activision Blizzard, Sony na Bungie, Embracer na studio zake. Matangazo rasmi hayasaidii, kwa sababu kila moja linazungumzia kujipanga upya na kuwashukuru walioondoka.

Ninachotaka kuelewa ni hesabu ya mnunuzi. Anawezaje kutoa mabilioni kwa ajili ya watu wenye ujuzi fulani, halafu akaachana na watu haohao? Na kwa sisi tunaoongoza vikundi ndani ya gemu, dalili zipi ni za kweli na zipi ni kelele za mashabiki? Wachezaji wakipungua nusu kwenye Steam, lile duka la gemu za kompyuta, hiyo ni hatari au ni kawaida? Pia kama gemu inaelekea ukingoni, kipi kifanyike mapema, maana tangazo likishatoka huwa ni mbio.

Anayejua hata kipande kimoja aandike kwa kina.

HesabuKwanza

Mkuu, anza na gharama ya kuendesha studio ndipo mengine yaeleweke. Kwa Marekani hesabu ya haraka iliyozoeleka ni dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi, ndani yake mkiwa na mshahara, bima, ofisi, vifaa na leseni za programu. Kwenye miji ya gharama kubwa inazidi hapo. Studio ya watu 200 basi inakula dola milioni 2 kwa mwezi, milioni 24 kwa mwaka, kabla hujalipia seva wala matangazo. Duka la konsoli hukata asilimia 30, na Steam vilevile kwa dola milioni 10 za mwanzo za mauzo. Ili milioni 24 zifike mkononi, wachezaji wanatakiwa kutumia kama milioni 34 kila mwaka. Na kama gemu ilitengenezwa kwa miaka 5 kabla ya kutoka, milioni 120 zimeshazama kabla ya mchezaji wa kwanza kuingia.

Mpaka mwanzoni mwa 2022 fedha hizo zilikuwa rahisi kukopa. Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imeweka riba karibu na sifuri. Kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Wakati huohuo watu walikuwa wamerudi kazini na shuleni baada ya janga la korona, na saa walizokuwa wakizitumia kwenye gemu zikapungua. Studio zilizoajiri kwa makadirio ya 2020 na 2021 zikajikuta na mishahara ya kilele na mapato ya kawaida. Epic Games ilipopunguza watu wapatao 830, asilimia 16 ya wafanyakazi wake, Septemba 2023, maelezo ya mkuu wake Tim Sweeney yalikuwa hayohayo: matumizi yalikuwa yamezidi mapato kwa muda mrefu.

Sasa kuhusu ununuzi wenyewe. Bei inayolipwa huwa kubwa kuliko mali inayoshikika ya studio. Ile ziada inaandikwa kwenye vitabu kama mali, na kila mwaka mkaguzi anauliza kama bado ina thamani hiyo. Gemu ikichelewa au ikishindwa kufikia makisio, thamani inakatwa vitabuni na hasara inaonekana kwenye ripoti ya robo mwaka. Menejimenti inayotakiwa kuwaonyesha wenye hisa kwamba imechukua hatua haina kitu kingine cha kukata haraka kama mishahara. Seva ni sehemu ndogo ya matumizi, na mkataba wa leseni hauvunjiki kwa wiki moja.

Kuhusu kuachana na watu haohao walionunuliwa: Sony iliinunua Bungie kwa dola bilioni 3.6, na takriban bilioni 1.2 kati ya hizo zilikuwa motisha za kuwabakiza wafanyakazi. Ununuzi ulikamilika Julai 2022. Oktoba 2023 wakaondolewa watu kama 100, na Julai 31, 2024 wakaondolewa 220, asilimia 17, huku wengine 155 wakihamishiwa Sony. Hapo kati upanuzi mkubwa wa Destiny 2, The Final Shape, ulikuwa umeshatoka mwezi Juni na kusifiwa sana. Kazi nzuri haikuwalinda, kwa kuwa tatizo halikuwa gemu ile. Studio ilikuwa inalipia miradi mingi isiyoingiza chochote kwa mapato ya mmoja.

Microsoft ilikamilisha ununuzi wa Activision Blizzard, wa dola bilioni 68.7, Oktoba 13, 2023. Siku 104 baadaye, Januari 25, 2024, watu 1,900 kati ya 22,000 wa kitengo cha michezo waliambiwa waondoke, na gemu ya kuishi porini ambayo Blizzard ilikuwa ikiitengeneza kwa zaidi ya miaka sita ikafutwa.

Embracer ni somo la aina nyingine. Ilinunua mfululizo ikitegemea fedha ambazo bado hazijaingia. Mei 2023 mkataba wa dola bilioni 2 ulivunjika, na mwezi uliofuata ikatangaza kujipanga upya. Agosti ikaifunga Volition, studio iliyokuwapo tangu 1993. Gearbox, ambayo ilinunuliwa 2021 kwa mkataba uliokuwa na uwezekano wa kuzidi dola bilioni 1.3, ilikubaliwa kuuzwa kwa Take-Two Machi 2024 kwa milioni 460.

Kwa hiyo ukisikia ununuzi, jambo la kwanza kuuliza ni fedha ya kununulia imetoka wapi. Makubaliano ya kuinunua EA yaliyotangazwa Septemba 2025, ya dola bilioni 55, yana mkopo wa bilioni 20 ndani yake. Kila asilimia moja ya riba kwenye mkopo huo ni milioni 200 kwa mwaka, na hizo lazima zitoke kwenye gemu zilizopo.

ZamuYaSeva

Namuunga mkono HesabuKwanza kwenye fedha. Mimi nizungumzie chumba cha mitambo, kwa sababu swali la "nani ameondolewa" lina uzito kuliko "wangapi".

Baada ya muungano kukata huenda kwa mpangilio unaotabirika. Wanaanza na idara zinazorudufiana: uhasibu, rasilimali watu, matangazo, huduma kwa wateja. Wanafuata wakaguzi wa ubora, wengi wao wakiwa wa mkataba. Kisha miradi ambayo haijatoka. Timu inayoendesha gemu iliyo hewani huguswa mwishoni. Ukiona wahandisi wa seva na wa hifadhidata wa gemu yako wametangaza kwenye kurasa zao za kazi kwamba wanatafuta ajira, hiyo ni habari nzito kuliko watu 500 wa idara nyingine.

Sababu ni zamu ya dharura. Gemu ya mtandaoni inahitaji mtu wa kuamshwa saa 9 usiku, kila usiku. Ili mzunguko huo uwe wa kibinadamu unahitaji si chini ya watu 6 wanaoujua mfumo. Wakibaki wawili, wanachoka ndani ya miezi michache na wanaondoka wenyewe. Hapo kampuni haijatangaza kupunguza mtu yeyote, lakini hakuna tena anayejua kwa nini seva ya biashara ya vitu inabidi iwashwe baada ya seva ya akaunti.

Nitoe mfano mmoja kwa karibu, kwa sababu ndio unaouma mara nyingi. Mchezaji anapoingia, gemu inathibitisha seva kwa cheti cha usalama. Vyeti vinavyotolewa na mamlaka za umma vina ukomo: tangu Septemba 2020 havizidi siku 398, kuanzia Machi 15, 2026 havizidi 200, na kufikia 2029 vitashuka hadi siku 47. Kama upyaishaji unafanywa na mashine, hakuna shida. Lakini gemu nyingi za zamani zimepachika alama ya cheti ndani ya faili la gemu lenyewe ili kuzuia wadanganyifu. Cheti kikibadilishwa, lazima itolewe sasisho la gemu. Sasisho linahitaji mashine ya kuijenga gemu, yenye toleo lilelile la mkusanyaji wa msimbo (compiler) lililotumika miaka 8 iliyopita. Linahitaji ufunguo wa kusaini, na kwa konsoli linahitaji vifaa vya watengenezaji na kupita ukaguzi wa mwenye konsoli, ambao huchukua siku kadhaa hata wiki. Mhandisi aliyekuwa anaitunza mashine hiyo akiwa ameondoka, cheti kinaisha Jumamosi, na wachezaji wote wanaona "imeshindikana kuunganishwa" kwa siku nne. Baadaye kwenye mikutano utasikia gemu ilikuwa "haitegemeki", na hoja ya kuifunga inapata nguvu.

Kosa la pili ni kurudufu vitu. Wachezaji wawili wanabadilishana kitu, seva inaanguka katikati, upande mmoja ulikuwa umeshahifadhiwa na mwingine unarudishwa nyuma. Kitu kinakuwa viwili. Timu kamili huliona kwenye kumbukumbu za seva ndani ya saa chache, inasimamisha soko, inafuta nakala. Timu iliyobaki na watu wachache inaliona baada ya siku tano, wakati sarafu zimeshatapakaa, na njia pekee iliyobaki ni kuirudisha seva nzima nyuma. Uchumi wa gemu ukishavurugika mara mbili, wachezaji wakongwe wanaondoka.

Dalili ninazoziamini, kwa uzito wake:

Kusimamishwa kwa uuzaji wa sarafu ya gemu. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Kampuni inayojua itafunga huacha kuuza mapema, maana kila senti inayouzwa sasa ni madai ya kurejeshewa baadaye. Inafanana na gemu kuondolewa dukani. The Crew iliondolewa dukani Desemba 2023, seva zikazimwa Machi 31, 2024.

Leseni ya jina. Gemu inayotumia jina la mtu mwingine ina tarehe ya kufa hata kama inalipa. Star Wars Galaxies ilizimwa Desemba 15, 2011, na siku tano baadaye gemu mpya ya jina hilohilo, ya kampuni nyingine, ikazinduliwa rasmi.

Kanda za seva kuunganishwa, aina za mechi kupunguzwa, na seva kukokotoa hali ya mchezo mara chache zaidi kwa sekunde. Hili la mwisho utalihisi kwanza kwenye risasi zinazokupata ukiwa umeshajificha ukutani.

Matukio ya mwaka jana kurudishwa bila chochote kipya. Hii peke yake haitoshi kukushtua. Inaonyesha tu kwamba bajeti ya kutengeneza vitu vipya imekatwa.

Mkongwe_99

Wakuu, kwenye dalili niongeze pingamizi, kwa sababu watu wanaua gemu zao wenyewe kwa kusoma grafu za Steam vibaya.

Steam inahesabu walioingia kupitia Steam tu. Final Fantasy XIV ina wachezaji wengi walioinunua kwa Square Enix moja kwa moja au walio kwenye PlayStation, na hao hawaonekani kule. Gemu yenye kizinduzi chake yenyewe, yaani programu yake ya kuifungulia, ndiyo kabisa. Halafu gemu za misimu hushuka nusu au zaidi kati ya msimu mmoja na mwingine, na hilo ni kawaida. Linganisha kitu kwa kitu: wiki ya tatu ya msimu huu na wiki ya tatu ya msimu uliopita, siku ileile ya juma. Mwelekeo wa misimu minne ukishuka mfululizo, hapo ndipo ujiulize.

Na idadi ndogo haimaanishi kifo. Kinachoua ni idadi ndogo kwenye gemu iliyojengwa kwa gharama ya idadi kubwa. Concord ilitoka Agosti 23, 2024 kwa dola 40, kilele chake Steam kilikuwa watu 697, na Septemba 6 ikazimwa, wanunuzi wakarudishiwa fedha. Firewalk iliyoitengeneza ikafungwa Oktoba mwaka huohuo. Watu 697 wakilipa ada ya mwezi wanaweza kumlisha mtu mmoja au wawili wanaotunza gemu ya maandishi. Hawawezi kubeba studio ya kisasa na mkopo wake.

Upande wa pili tazama EverQuest, iliyotoka Machi 1999. Sony iliiuza kampuni yake ya gemu za mtandaoni Februari 2015, jina likawa Daybreak, na mwezi huohuo watu wakaanza kuondolewa. Machi 2016 EverQuest Next ikafutwa. Kila mtu aliandika rambirambi. EverQuest yenyewe ikaendelea, timu ndogo, upanuzi mmoja kila mwaka, na seva maalumu zinazoanza upya toka mwanzo na kufungua upanuzi mmoja baada ya mwingine ili wakongwe walipie tena ada. Ultima Online ya 1997 nayo ipo. Mwaka 2023 Star Wars: The Old Republic ilihamishwa kutoka BioWare kwenda Broadsword, kampuni ambayo tayari ilikuwa inatunza gemu kongwe. Baadhi ya watu walihama na gemu, wengine wakapoteza kazi. Kwa mchezaji, kuhamishwa kwa namna hiyo ni afadhali mara kumi kuliko kubaki ndani ya kampuni kubwa inayokuona kama mstari mdogo kwenye jedwali.

Kwa maoni yangu gemu hatari zaidi ni ya umri wa kati: miaka miwili hadi minne, ya bure, haina ada ya mwezi, na imeajiri watu mamia.

KapteniWaZamu

Nimeelewa tofauti kati ya gemu ndogo na gemu iliyovimba. Ahsanteni sana.

Sasa kwa utekelezaji. Tuseme dalili mbili nzito zimeonekana, sarafu imeacha kuuzwa na wahandisi wanatafuta kazi. Kikundi kinaweza kuokoa nini, na kinaweza kudai nini? Na kwa wale walio ndani ya studio, hasa vijana wa ukaguzi wa ubora, wafanye nini kabla barua haijafika?

MtunzaKumbukumbu

Usisubiri tangazo. Muda kati ya tangazo na kuzimwa haufanani. XDefiant ya Ubisoft ilitoa miezi sita, Desemba 3, 2024 hadi Juni 3, 2025. City of Heroes ilitoa miezi mitatu, mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba 2012. Concord ilitoa siku tatu.

Elewa kwanza ni kitu gani kiko wapi. Kwenye kompyuta yako una ramani, maumbo, sauti na muziki. Kwenye seva yao kuna mantiki: nyoka anashambulia vipi, bosi anadondosha nini na kwa uwezekano gani, mhusika anasema nini baada ya hatua ya tatu ya kazi. Ya kwako hayapotei ukiyanakili. Ya kwao yanapotea siku seva zinapozimwa, na ndiyo yanayowachukua wanaojaribu kuijenga upya miaka mingi ya kubahatisha.

Kwa hiyo nakili folda nzima ya gemu kabla kizinduzi hakijafanya sasisho la mwisho, kwa sababu sasisho la mwisho wakati mwingine huondoa mafaili. Andika namba ya toleo, toa alama ya SHA-256 ya kila faili (namba ya kuthibitisha kwamba faili halijabadilika), weka nakala mbili kwenye diski tofauti.

Kisha rekodi. Programu ya kurekodi skrini ya OBS kwa ukubwa wa 1080p, kiwango cha megabiti 10 kwa sekunde, inakula gigabaiti 4.5 kwa saa. Diski ya terabaiti moja inabeba zaidi ya saa 200. Gawaneni kazi: mmoja apite kazi zote za eneo la mwanzo bila kuruka mazungumzo, mwingine asimame dukani afungue kila orodha ya bei, wengine wapigane na bosi mmoja mara nyingi huku matokeo yakiandikwa kwenye jedwali. Watu hurekodi mapambano makubwa tu, na mwisho wake hakuna anayekumbuka mvuvi wa kijiji cha pili alikuwa anauza nini. Onyesheni saa ya kompyuta kwenye kona ya skrini. Kuna wanaonasa pia mawasiliano kati ya gemu na seva kwa Wireshark. Mara nyingi yamefichwa kwa usimbaji, yanaweza kukiuka masharti ya matumizi, na mfumo wa kuzuia udanganyifu unaweza kufungia akaunti, hivyo someni masharti kwanza.

Jukwaa rasmi la majadiliano na tovuti ya maelezo ya masasisho hufa kabla ya seva, wakati mwingine bila tangazo. Pelekeni kurasa zake kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za tovuti, mapema. Na orodha ya wanachama wenu iwe nje ya gemu, kwa idhini yao.

Kuhusu madai: acheni kununua vifurushi vikubwa, lipeni mwezi kwa mwezi. Hifadhini risiti zenye tarehe, kwa sababu kampuni zikirejesha fedha huweka mstari wa tarehe. XDefiant ilirejesha kifurushi kikubwa cha waanzilishi, na kwa manunuzi ya ndani ya gemu yale tu yaliyofanyika tangu Novemba 3, 2024, mwezi mmoja kabla ya tangazo. Aliyenunua Oktoba hakupata.

Ombeni pia kitu mahususi. "Msifunge" haijibiwi. "Toeni seva ya kujiendeshea" imewahi kujibiwa: Velan Studios ilipozima seva za Knockout City Juni 2023, ilitoa toleo la kompyuta ambalo wachezaji wanaendesha seva zao wenyewe. MultiVersus iliacha njia ya kucheza bila mtandao. City of Heroes iliishi kwa seva zisizo rasmi mpaka Januari 2024, NCSoft, mmiliki wa gemu, ilipowapa Homecoming, kundi la mashabiki wanaoendesha seva hizo, leseni halali. Ulaya, kampeni ya Stop Killing Games iliyoanza 2024 baada ya The Crew kuzimwa ilipitisha saini milioni 1 kwenye ombi la raia kwa Umoja wa Ulaya mwaka 2025. Ombi hilo halitaki seva ziwashwe milele. Linataka gemu iachwe katika hali inayochezeka.

HakiKazini

Nijibu la wafanyakazi. Sheria ni za nchi husika, kwa hiyo naandika za Marekani na Uingereza ambako nyingi ya studio hizi ziko.

Marekani, sheria ya WARN inamtaka mwajiri mwenye watu 100 au zaidi kutoa notisi ya siku 60 anapofunga kituo na kuondoa watu 50 au zaidi, au anapopunguza watu 50 na zaidi ambao ni angalau theluthi moja ya kituo. California ni kali kidogo: inaanzia mwajiri wa watu 75, na watu 50 ndani ya siku 30 wanatosha bila kuangalia theluthi. Notisi hizo huwa wazi kwa umma, na ndizo wachezaji wanaofuatilia wanapaswa kuzisoma badala ya uvumi. Kampuni nyingi hukulipa siku hizo 60 huku zikikufungia mifumo saa ileile unapopewa habari.

Hiyo ina maana moja ya haraka: mambo yako binafsi yasiwe kwenye barua pepe ya kazi. Mkataba wa ajira, hati za malipo, tathmini za kazi na hati za hisa ziwe nyumbani. Msimbo, michoro isiyotangazwa na nyaraka za ndani usiziguse, hizo zinaweza kukunyima malipo yote.

Ukipewa mkataba wa kuachana usisaini mezani. Mwenye miaka 40 na zaidi ana haki ya siku 21 za kuutafakari, 45 kama ni upunguzaji wa kundi, na siku 7 za kubatilisha baada ya kusaini. Mwenye chini ya umri huo hana siku hizo kisheria, lakini akiomba wiki moja mara nyingi anapewa. Bima ya afya ya kazini, kwa utaratibu wa COBRA, unaweza kuiendeleza kwa kawaida miezi 18, ukilipa hadi asilimia 102 ya gharama, na una siku 60 za kuamua. Mgeni mwenye viza ya kazi ya H-1B ana hadi siku 60 tangu siku ya mwisho ya ajira, kwa hiyo tarehe hiyo iandikwe bayana kwenye barua. Jadiliana isogezwe mbele hata kama malipo yanabaki palepale.

Uingereza, kupunguza watu 20 hadi 99 kunadai mashauriano yaanze siku 30 kabla ya mtu wa kwanza kuondoka, na watu 100 au zaidi ni siku 45. Malipo ya kisheria yanaanza kwa aliyefikisha miaka miwili kazini.

Vijana wa ukaguzi wa ubora ndio walio wazi zaidi, kwa sababu walioajiriwa kupitia wakala si wafanyakazi wa studio kwenye hesabu hizo. Hapo ndipo vyama vya wafanyakazi vimefanya kazi ya maana. Wakaguzi wapatao 300 wa ZeniMax walijiunga na chama cha CWA Januari 2023. Timu ya World of Warcraft, zaidi ya watu 500, ikafuata Julai 2024. Chama hakizuii kupunguzwa, ila kinaleta mezani kiasi cha malipo, muda wa bima na haki ya kuitwa tena. Na dai jina lako kwenye orodha ya watengenezaji kabla hujaondoka, kwa maandishi. Gemu ikitoka mwaka mmoja baadaye bila jina lako, kuthibitisha kazi ya miaka mitatu kunakuwa kugumu.

KapteniWaZamu

ZamuYaSeva, swali dogo la mwisho. Ile tarehe ya cheti, mtu wa kawaida anaweza kuiona bila kuvunja masharti?

ZamuYaSeva

Ndiyo. Fungua tovuti ya akaunti ya gemu kwenye kivinjari, bonyeza alama iliyo kando ya anwani, kisha cheti, utaona tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ni taarifa ambayo seva humpa kila anayeiunganisha. Seva za ndani ya gemu zinaweza kuwa na vyeti tofauti, kwa hiyo tovuti inakupa picha ya nidhamu ya timu zaidi ya kitu kingine. Vyeti vya siku 90 kwa kawaida hupyaishwa na mashine zikibaki siku 30 hivi. Ukikuta zimebaki siku 10 na hakijabadilishwa, inaelekea mashine imekwama na hakuna aliyeona. Wapelekee taarifa kupitia huduma kwa wateja ukiambatisha picha ya tarehe. Angalia majibu yanachukua muda gani na yanaandikwa na mtu au na mfumo.